Fangasi kwenye damu ya mtoto aliyelazwa: mwongozo kamili wa tiba wodini

Simu huwa inaingia usiku, na swali ni lilelile kwa sauti tofauti. "Daktari, mtoto yuko siku ya tisa ya dawa ya fangasi na homa haijakata. Tubadilishe dawa?" Nauliza kama mrija wa kitovuni bado upo. Kimya kidogo. "Upo." Nauliza dawa ilichanganywa na maji gani. "Ya chumvi, kama kawaida." Hapo najua tatizo haliko kwenye dawa.

Mwongozo huu ni kwa daktari, tabibu, sista na mfamasia wanaohudumia watoto waliolazwa, hasa njiti na watoto walio wodi ya uangalizi maalumu. Unahusu Candida, fangasi wa aina ya hamira, iliyoingia kwenye damu. Hauhusu utando mweupe wa mdomoni. Mzazi unayesoma hapa, soma ili uelewe wanachofanya wahudumu na uulize maswali. Dozi za humu si za kupima nyumbani.

Watoto wengi ninaoulizwa habari zao walipewa dawa sahihi. Walichokosa ni mrija kutolewa, dawa kuchanganywa inavyotakiwa, na siku kuhesabiwa kuanzia pale zinapopaswa kuanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vikusanye mezani kabla ya dozi ya kwanza:

- Uzito wa mtoto wa leo, si wa siku aliyolazwa. Kwa njiti, kwa gramu.
- Chupa za kuotesha damu za watoto, na za kutosha kwa siku kadhaa mfululizo.
- Amfoterisini B, ukiwa umesoma lebo ukajua ni ya kawaida (dioksikolati) au ya liposomu. Nitarudi hapa kwa ukali.
- Flukonazoli ya mshipani, mg 2 kwa kila ml, na ile ya maji ya kunywa.
- Mikafungini au kaspofungini, kama hospitali yako inazo.
- Maji tasa ya sindano yasiyo na kihifadhi.
- Dekstrozi 5%.
- Maji ya chumvi 0.9%, yakae trei nyingine kabisa.
- Pampu ya sindano, au bureti kama pampu hakuna.
- Uwezo wa kupima kreatinini, potasiamu na picha kamili ya damu. Magneziamu pia ikiwezekana.
- Vifaa vya kutoa maji ya uti wa mgongo.
- Karatasi moja iliyobandikwa mbele ya faili, yenye safu mbili: tarehe damu ilipochukuliwa, na jibu lake.

Karatasi hiyo inaonekana kitu kidogo. Bila hiyo hatua ya 8 itakushinda.

## Hatua ya 1: Amini jibu la maabara

Maabara wakipiga simu kwamba wameona chembe za hamira zinazochipua kwenye chupa ya damu, anza tiba. Usingoje chupa ya pili ithibitishe.

Tumezoea bakteria wa ngozi kuingia kwenye chupa kwa bahati mbaya, ndiyo maana mtu husema "labda ni uchafu tu". Kwa Candida kauli hiyo haipo. Ikiota kwenye damu, hata chupa moja, hata damu iliyovutwa kwenye mrija, ni ugonjwa mpaka umtibu.

Upande wa pili nao una mtego. Kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa wenye Candida iliyosambaa mwilini, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" halimwachii huru mtoto anayezidi kudhoofika. Njiti wa chini ya gramu 1,500 mwenye mrija wa mshipa mkubwa, aliyekaa siku nyingi kwenye seftriaksoni au meropenemu, anayelishwa kwa mshipa au aliyetoboka utumbo, na sasa chembe sahani zinaporomoka, sukari inapanda na anasahau kupumua: huyo anza kumtibu huku ukiendelea kutafuta ushahidi. Candida kwenye mkojo wa njiti mdogo kama huyo, ukiwa umechukuliwa kwa njia safi, ichukulie kwa uzito uleule wa damu.

Nistatini ya matone haitibu fangasi ya damu. Haifyonzwi tumboni, haifiki kwenye damu, na kila saa inayopita mtoto akiwa kwenye nistatini peke yake ni saa ya bure. Pia usimvuke mtoto huyu kwa sababu kipimo cha VVU ni hasi. VVU huleta zaidi Candida ya mdomo na koo. Ya damu huletwa na mirija, upasuaji, antibiotiki nyingi na kuzaliwa kabla ya wakati.

Umefaulu kama: uamuzi wa kuanza dawa umeandikwa kwenye faili ukiwa na saa, siku ileile jibu lilipotoka.

## Hatua ya 2: Chukua damu tena, kisha uliza jina

Kabla ya dozi ya kwanza chukua damu nyingine ya kuotesha, moja kutoka kwenye mshipa wa pembeni na moja kutoka kwenye mrija kama upo. Kwa mtoto mchanga jitahidi upate angalau ml 1; kwa mkubwa ongeza kulingana na uzito. Matone matatu ndani ya chupa ni kama hujapima. Safisha ngozi, iache ikauke kabisa, ndipo uchome.

Mshipa ukigoma, usiishikilie dawa nusu siku kwa ajili ya damu hiyo. Anza, utachukua baadaye.

Siku hiyohiyo chukua kreatinini, potasiamu na picha kamili ya damu. Ndiyo namba za kulinganishia wiki ijayo.

Halafu zungumza na mtu wa maabara mwenyewe, usiishie kwenye karatasi. Muulize kama kipimo cha mrija-chipukizi kimefanyika: chembe za fangasi huwekwa kwenye ute wa damu kwa nyuzi 37, na ndani ya saa 3 hivi Candida albicans huonyesha vimirija. Ni kipimo cha bei ndogo na kinakupa mwelekeo siku hiyohiyo. Jina kamili likija, lisome hivi:

*Candida albicans, tropicalis* na *parapsilosis* kwa kawaida hukubali flukonazoli, ingawa si kila mahali. Afrika Kusini parapsilosis nyingi zimekuwa sugu kwa flukonazoli, kwa hiyo omba kipimo cha usugu kila kinapopatikana. Parapsilosis hupenda mirija na mikono yetu. Ukiona watoto wawili wodi moja, anza kuangalia sinki.

*Candida krusei* haikubali flukonazoli, kwa asili yake. *Candida glabrata* ni ya kushuku. *Candida lusitaniae* ndiyo inayoweza kuikataa amfoterisini.

*Candida auris* ina tabu zake. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka kwenye sikio la mgonjwa huko Japani, na jina lake ni neno la Kilatini la sikio. Kenya imekwisharipotiwa kwa wagonjwa waliolazwa. Nyingi ni sugu kwa flukonazoli, na mashine za zamani za maabara huiita kwa jina la *Candida haemulonii*. Ukiletewa jina hilo la pili, usilipokee kimyakimya. Uliza wametumia kifaa gani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka auris, pamoja na albicans, kwenye kundi la juu kabisa la fangasi wa kuangaliwa.

Umefaulu kama: karatasi ya mbele ya faili ina mstari wa kwanza, na unajua ni lini utapigiwa simu ya jina.

## Hatua ya 3: Chagua dawa kwa umri na kwa ulichonacho

Mtoto mchanga. Amfoterisini B ya kawaida, mg 1 kwa kilo kwa siku, ndiyo chaguo la kwanza. Watoto wachanga huivumilia kuliko watu wazima, na inafika kwenye ubongo na figo, sehemu ambazo Candida ya mtoto mchanga hupenda kujificha. Flukonazoli inakubalika kama hakuwa akipewa ya kinga: dozi ya kwanza mg 25 kwa kilo, kisha mg 12 kwa kilo kila siku. Kama alikuwa kwenye flukonazoli ya kinga, usimtibu kwa dawa ileile iliyoshindwa kumlinda.

Mtoto mkubwa zaidi. Mikafungini au kaspofungini ndizo za kuanzia kama zipo. Mikafungini ni mg 2 kwa kilo kwa siku, isizidi mg 100. Kaspofungini hupimwa kwa eneo la mwili: mg 70 kwa kila mita ya mraba siku ya kwanza, kisha mg 50, isizidi mg 70 kwa siku. Shirika la Afya Duniani liliingiza mikafungini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati ni mambo mawili. Kama haipo, amfoterisini. Kama mtoto yuko imara, hajawahi kupewa flukonazoli na hakuna dalili ya krusei, glabrata au auris, flukonazoli mg 12 kwa kilo inaweza kuanza.

Auris. Kwa mtoto wa miezi 2 na zaidi, mikafungini au kaspofungini. Kwa aliye chini ya hapo, amfoterisini ya kawaida, mg 1 kwa kilo.

Maonyo mawili. Mikafungini na ndugu zake hazifiki vya kutosha kwenye ubongo, macho wala mkojo, kwa hiyo usizitegemee huko. Pili, mtoto aliye kwenye dawa za kifua kikuu anatumia rifampisini, nayo hushusha kiwango cha flukonazoli na cha kaspofungini. Mwambie mfamasia mapema.

Ule mtindo wa zamani wa kuanza amfoterisini kwa kidogo kidogo, leo robo, kesho nusu, uache. Unampa fangasi siku tatu za kujipanga. Anza na dozi kamili.

## Hatua ya 4: Andaa amfoterisini bila kuiharibu

Hapa ndipo mambo huharibika, basi twende polepole.

Kwanza, soma lebo kwa sauti, watu wawili. Kuna amfoterisini mbili na dozi zake hazifanani. Ya kawaida ni mg 1 kwa kilo, na isizidi mg 1.5 kwa kilo kwa siku, kwa namna yoyote. Ya liposomu kwa Candida ni mg 3 hadi 5 kwa kilo. Sasa wodi za watu wazima zimezoea namba nyingine: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja ya liposomu, mg 10 kwa kilo, kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi kwa wenye VVU, baada ya utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Namba hiyo ni ya ugonjwa mwingine na dawa nyingine. Mtu akiihamishia kwenye amfoterisini ya kawaida, moyo wa mtoto unaweza kusimama. Kwenye chati usiandike "Ampho". Andika jina zima pamoja na neno "dioksikolati" au "liposomu".

Pili, yeyusha. Ingiza ml 10 za maji tasa ya sindano kwenye kichupa cha mg 50 cha amfoterisini ya kawaida. Tikisa mpaka yawe ya njano na maangavu. Sasa kila ml ina mg 5.

Tatu, zimua kwa dekstrozi 5% tu. Vuta ml 1 ya ulichoyeyusha (mg 5), ongeza ml 49 za dekstrozi 5%. Una ml 50, kila ml ikiwa na mg 0.1. Huo ndio ukali unaofaa mshipa wa pembeni.

Kwa nini si maji ya chumvi? Chumvi huifanya dawa ijikusanye na kuganda. Wakati mwingine utaona ukungu au vichembe, wakati mwingine hutaona kitu, na mtoto anapewa dawa iliyokwisha nguvu. Inua bomba la sindano kwenye mwanga. Ukiona ukungu, mwaga, anza upya. Usijaribu kuokoa kwa kutikisa.

Nne, piga hesabu. Kwa ukali huu, mg 1 ni ml 10. Kwa hiyo dozi ya mg 1 kwa kilo daima ni ml 10 kwa kilo, na hesabu yoyote inayokupa kitu tofauti ina kosa.

Mfano: njiti wa kilo 1.6. Dozi ni mg 1.6, yaani ml 16. Kwa muda wa masaa manne, pampu iende ml 4 kwa saa. Mtoto wa kilo 12: mg 12, yaani ml 2.4 za ulichoyeyusha ndani ya ml 117.6 za dekstrozi. Jumla ml 120, pampu ml 30 kwa saa.

Hizo ml 10 kwa kilo ziondoe kwenye maji ya siku ya mtoto. Njiti wengi huvimba kwa sababu hakuna aliyezihesabu.

Tano, andaa mwili wa mtoto. Kwa mtoto mkubwa asiye na tatizo la moyo wala maji kuzidi, mpe maji ya chumvi ml 10 hadi 20 kwa kilo kabla ya dawa, yanazilinda figo. Kisha suuza kanyula kwa dekstrozi 5% ndipo dawa iingie. Njiti usimmiminie hivyo. Hakikisha tu sodiamu yake ya siku inatosha. Mtoto mkubwa mpe na parasetamoli mg 15 kwa kilo nusu saa kabla, kwa sababu homa na kutetemeka huja mara nyingi ndani ya masaa matatu ya kwanza. Watoto wachanga hawasumbuliwi sana na hili.

Sita, iendeshe. Masaa manne hadi sita. Usichanganye na dawa nyingine wala damu kwenye mrija huohuo. Mwisho suuza tena kwa dekstrozi. Sista wa zamu inayofuata apewe taarifa kwa mdomo, si kwa chati peke yake, maana mkono uliozoea maji ya chumvi huenda kwenye maji ya chumvi.

Ya liposomu nayo kwa kifupi: kichupa cha mg 50 kiyeyushwe kwa ml 12 za maji tasa, kila ml inakuwa na mg 4, tikisa kwa nguvu, pitisha kwenye kichujio kinachokuja nayo, zimua kwa dekstrozi 5%, endesha kwa masaa mawili. Chumvi ni mwiko huku pia.

Flukonazoli haina mambo mengi. Imekwishachanganywa. Mtoto wa kilo 12 kwa mg 12 kwa kilo anahitaji mg 144, yaani ml 72, ziende kwa saa moja hadi mbili.

Umefaulu kama: dawa imeingia yote, ikiwa maangavu, ndani ya muda, na hesabu imesainiwa na watu wawili.

## Hatua ya 5: Toa mrija

Fanya ndani ya siku moja tangu jibu. Nimeiweka ya tano kwa sababu ya mpangilio wa kuandika, lakini mtu mmoja akiandaa dawa mwingine awe anashughulika na mrija.

Candida hujenga utando ndani ya mrija, utelezi usioonekana. Dawa inaua zile zinazoelea kwenye damu. Zilizo chini ya utando zinabaki na kumwaga nyingine kila siku. Unakuwa unadeki huku bomba linavuja.

Kauli nitakayoambiwa ni "mtoto hana mshipa". Naielewa, nimewahi kusimama juu ya njiti wa gramu 900 nikitafuta mshipa kwa tochi ya simu. Cha kufanya ni kupanga kabla ya kutoa: weka kanyula mbili za pembeni, ongeza maziwa kwa mrija wa tumboni ili maji ya mshipani yapungue, na kama kimelea kinakubali, fikiria flukonazoli kwa njia ya tumbo, kwani zaidi ya 90% yake hufyonzwa. Mrija mpya wa mshipa mkubwa, ukilazimika, uwekwe mahali pengine baada ya siku moja au mbili. Usiubadilishe juu ya waya kwenye tundu lilelile.

Kama kweli haiwezekani, andika sababu kwenye faili na iulizwe upya kila asubuhi. Neno "tutaona" lisilale humo.

Ukiwa hapo, pitia antibiotiki. Seftriaksoni isiyo na sababu, isimamishe. Dawa za kupunguza asidi tumboni pia.

## Hatua ya 6: Tafuta ilikojificha

Mtoto mchanga: toa maji ya uti wa mgongo, hata kama hana degedege. Uti wa mgongo wa mtoto mchanga unaweza kuwa na Candida na maji yakaonekana safi, kwa hiyo jibu zuri halifuti wasiwasi kama dalili zipo. Ultrasaundi ya kichwa kupitia utosini inasaidia sana na haina maumivu. Ubongo ukiguswa, amfoterisini inaendelea mpaka dalili, maji na picha vyote visafike.

Macho yapimwe na mtaalamu, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone, ndani ya wiki ya kwanza. Mtoto wa saratani mwenye chembe nyeupe chini sana, rudia chembe zikipanda, maana vidonda vya jicho huenda visionekane kabla ya hapo.

Damu ikiendelea kuota fangasi licha ya dawa na mrija kutolewa, piga ultrasaundi ya figo, ini na wengu, kisha picha ya moyo. Kwenye figo za njiti fangasi huweza kujikusanya kuwa donge na kuziba mkojo. Hapo dawa peke yake haitoshi, mwite daktari wa upasuaji.

Gusa viungo kila siku. Kweli kabisa, kila siku: nyonga, goti, bega. Mtoto mchanga hakwambii goti linauma. Anaacha kulisogeza.

## Hatua ya 7: Linda figo na potasiamu

Kreatinini na potasiamu mara mbili hadi tatu kwa wiki wakati wa amfoterisini, magneziamu ikiwezekana. Mkojo upimwe kila zamu.

Potasiamu hushuka bila kelele. Tumbo linajaa, mtoto analegea, na watu wanadhani utumbo umeambukizwa upya. Angalia potasiamu kwanza. Ikikataa kupanda hata ukiongeza, magneziamu iko chini, irekebishe hiyo.

Kreatinini ikifika mara mbili ya ile ya siku ya kwanza, hamia liposomu kama ipo, au flukonazoli kama jina la kimelea linaruhusu. Kumbuka flukonazoli nayo hutolewa na figo: figo zikiwa zimedhoofika sana, dozi zinazofuata hupunguzwa nusu, ila ile ya kwanza hubaki kamili. Na usipunguze dozi ya amfoterisini "kwa tahadhari" figo zikiwa nzima. Utapata dozi isiyotibu, na madhara yatabaki palepale.

## Hatua ya 8: Hesabu siku kuanzia mahali sahihi

Rudia kuotesha damu kila siku au kila baada ya siku moja, mpaka isiote kitu. Mimi hupenda kuona mbili safi mfululizo.

Siku ya 1 ya tiba ni tarehe ilipochukuliwa damu ya kwanza iliyotoka safi. Siyo siku uliyoanza dawa. Siyo siku homa ilipokata. Na siyo siku jibu lilipotoka maabara, kwa sababu chupa hukaa siku kama 5 kabla ya kutangazwa safi.

Mfano, kama karatasi yako ya mbele inasema hivi:

- Machi 3: dawa imeanza, damu imeota.
- Machi 5: imeota.
- Machi 7: safi (jibu lilitoka Machi 12).
- Machi 9: safi.

Siku ya 1 ni Machi 7. Siku ya 14 ni Machi 20. Aliyehesabu kutoka Machi 3 angeacha dawa Machi 16, siku 4 kabla ya wakati, na mtoto angerudi Aprili akiwa na goti lililovimba. Siku 14 ni kwa mtoto ambaye dalili zimeisha na hakuna kiungo kilichoguswa. Moyo, mfupa, jicho au ubongo, hiyo ni hesabu ya wiki nyingi, na ipangwe na bingwa.

Kama damu bado inaota baada ya siku 5 hadi 7, usikimbilie kubadili dawa. Jiulize kwa mpangilio huu: mrija upo? Dozi imeongezwa kadiri uzito ulivyopanda? Dawa ilizimuliwa kwa nini? Kuna donge au jipu? Jina na usugu vinasemaje? Mara nyingi jibu liko kwenye maswali matatu ya mwanzo.

## Hatua ya 9: Linda kitanda cha pili

Mikono kwa sabuni au spiriti kabla ya kugusa mrija wowote. Kama ni auris, mtenge mtoto, na safisha nyuso kwa klorini ya 0.1%; baadhi ya dawa za kawaida za kudeki haziiui vizuri, nayo hukaa kwenye reli za kitanda na kamba za mashine kwa muda mrefu. Watoto waliolala karibu wapimwe kwa pamba ya kwapani na kwenye kinena.

## Hatua ya 10: Kuhamia dawa ya kunywa na kwenda nyumbani

Baada ya siku 5 hadi 7, kama mtoto yuko imara, damu ni safi na kimelea kinakubali, hamia flukonazoli ya kunywa kumalizia siku zake. Ubongo, jicho au moyo ukiwa umeguswa, usifanye hivyo bila bingwa.

Mama aelezwe dalili za kumrudisha haraka: homa, kutapika, kichwa kukua upesi, degedege, kiungo kilichovimba au mguu asiousogeza. Mweleze pia kwamba haya yanaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kutoka, asije akadhani ni jambo jipya na kuanza na duka la dawa la mtaani.

Kisha mpe bomba la sindano mkononi. Mtoto wa kilo 3 kwa mg 12 kwa kilo anahitaji mg 36. Kama chupa yako ni mg 50 kwa kila ml 5, hiyo ni ml 3.6. Bandika plasta mahali pa 3.6. Mwombe avute mwenyewe mbele yako, amwage, avute tena. Akipatia mara mbili, mwandikie tarehe ya dozi ya mwisho kwenye kadi ya kliniki, na tarehe ya kurudi kuangaliwa macho na viungo.